Mbayuwayu wa Jirani

"Nakuuliza hili, Ndugu Mahlon, wewe unanijibu lile," alisema Erma Nissley. "Nimekuuliza kama umewasikia ndege."

"Na mimi nimekwambia, Dada Erma, ndege hawajafika."

"Sikukuuliza kama wamefika."

"Basi tungoje wafike."

Walikuwa wamesimama kwenye kijia cha saruji kinachotenganisha nyumba zao, Erma kavaa koti juu ya aproni, Mahlon Groff kashika sepetu la theluji, ijapokuwa theluji yenyewe ilibaki ukoko mchafu tu kando ya maegesho. Mimi nilikuwa natupa takataka. Kusema kweli mfuko wangu ulikuwa na ganda moja la yai, lakini ugomvi ukipita chini ya dirisha langu siwezi kubaki ndani kama picha ukutani.

"Saa kumi alfajiri," Erma aliendelea, "giza totoro, baridi ya kuuma meno, na ndege anaimba nyuma ya nyumba yako kana kwamba ni mwezi wa sita. Ndege gani huyo? Hata wale kifua-chekundu wanaowahi kuliko wote bado wamejikunyata."

"Saa hizo mimi niko kitandani."

"Wewe uko kitandani. Ndege je?"

Mahlon alilitazama sepetu lake kama mtu anayeisoma Biblia mpya. "Kwa umri wetu huu, Dada Erma," akasema, "mtu husikia mengi."

Kwingine neno hilo lingepita. Kwetu halikupita. Erma alinitazama mimi, akautazama mfuko wangu wa takataka, akaingia kwake na kufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Hapa kwenye makao yetu ya wazee watu huogopa vitu viwili: kuanguka bafuni, na Nyumba ya Juu. Nyumba ya Juu iko kilimani, nyuma ya kanisa. Ina mapazia mazuri, chakula laini, na mlango unaofunguliwa kwa namba ambazo wakaaji wake hawapewi. Hatusemi fulani amehamishwa. Tunasema amepandishwa, na aliyepandishwa tunamwona Krismasi, kwenye kiti, akiimba ubeti mmoja na kutuuliza sisi ni nani.

Wakati wa baridi Erma aliunguza sufuria. Halafu siku moja, akitoka kufua, alijaribu ufunguo wake kwenye mlango wangu. Hata mimi hukosea milango, lakini nikikosea huingia na kuketi, mwenye nyumba akadhani nimemtembelea. Erma yeye aliganda pale na kuomba radhi, na anayeomba radhi hapa huonekana ana kesi. Tangu hapo Janelle, muuguzi wa mstari wetu wa nyumba, akawa anapita kwake kila mara. Binti mzuri Janelle, mpole, ila ana macho ya mtu anayepima kitambaa.

Erma, kwa kinywa chake mwenyewe, akamwambia habari za ndege.

"Wanasema nini hao ndege, Bibi Erma?" Janelle akamuuliza kwa sauti ile ya kubembeleza watoto.

"Ndege hawasemi, binti yangu. Wanaimba."

Lilikuwa jibu zuri, ila halikumsaidia. Janelle alimpigia simu Rhoda, binti wa Erma aliye Ohio, na Rhoda akasema atakuja Ijumaa ili wakae wazungumze. Sote tulijua mazungumzo ya aina hiyo huanzia wapi na huishia mlango gani.

Nilizunguka mstari mzima kuuliza. Kila nyumba nilikunywa kahawa, kila nyumba nikapewa jibu lilelile: hakuna aliyesikia kitu. Lakini nao hao wangesikia nini? Ikifika saa tatu usiku mstari wetu wote ni viziwi. Tunavua mashine zetu za masikio na kuziweka kwenye visahani kando ya vitanda, na gari moshi linaweza kupita sebuleni tusigeuke. Erma peke yake hana kisahani. Alikuwa mwongoza nyimbo kanisani kwao tangu akiwa msichana, kanisa lisilo na kinanda, sauti nne tupu, na akiwa mbele aliweza kumjua wa benchi la mwisho aliyeteleza nusu sauti. Masikio hayo hayakuzeeka. Swali lilikuwa kama kilichozeeka ni kile kilicho kati ya masikio.

"Anarudia, Arlene," aliniambia mezani kwake, akizungusha kikombe bila kunywa. "Ndege wa kweli hubadili wimbo. Huyu anaimba, anagugumiza kooni, ananyamaza pumzi moja, kisha anaanza palepale alipoanzia. Kama mwanafunzi anayefanya mazoezi."

"Na ni kila siku?"

"Kila siku. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami vyovyote."

"Unanitazama kama Janelle."

Nami kweli nilikuwa namtazama hivyo. Ndege anayevuta pumzi na kuanza upya kama mwanafunzi. Nilijisemea moyoni, maskini, amekwisha.

Nje kulikuwa na kila dalili kwamba msimu unageuka. Wakulima wa jirani walikuwa wameanza kumwaga samadi, na harufu yake iliingia hadi ndani ya kabati za nguo. Mgeni huziba pua, sisi huvuta hewa na kusema, ah, ardhi imelainika. Maua meupe yale madogo yalikuwa yametoboa ukoko chini ya dirisha la ofisi. Bata bukini walipita juu wakigombana njia nzima kwenda kaskazini. Na nyuma ya nyumba ya Mahlon, juu ya mlingoti mrefu wa chuma, vilining'inia vibuyu.

Hivyo vibuyu ndivyo vilivyoanza kunitia shaka.

Mahlon alikuja kwetu msimu wa mavuno uliopita, baada ya kuuza shamba. Shambani alikuwa mwenyeji wa mbayuwayu, wale weusi wenye mng'ao wa zambarau wanaotoka Brazili kila mwaka. Ndege hao huku kwetu hawajengi mitini tena. Hungoja binadamu awatundikie vibuyu, na akiwatundikia hurudi kwake mwaka hadi mwaka, wao, watoto na wajukuu. Babake Mahlon alikuwa nao, na babu yake. Aliyenunua shamba aling'oa milingoti ili ajenge maghala. Mahlon akaja hapa na vibuyu vyake kwenye maboksi, amevifunga kwa magazeti kama vyombo vya harusi, akamwomba meneja ruhusa. Meneja alimpa, kwa sharti: pasiwe na uchafu, pasiwe na kelele, na lalamiko moja tu likija, mlingoti unashuka.

Mahlon aliwaambia watu wa chumba cha kulia kwamba ndege watakuja. Watu walimjibu kwa adabu kwamba ndege hawasomi matangazo ya kuhama.

Nilioka pai ya molasi nikaenda kumpekua. Kwenda mikono mitupu ni upelelezi. Kwenda na pai ni ujirani.

Alinionyesha vibuyu vyake kupitia dirisha la jikoni, kimoja kimoja, kwa fahari. Nikasifu. Kisha nikaona waya mweusi umetoka chini ya mlango wa nyuma, ukatambaa kando ya ukuta, ukapanda na mlingoti.

"Waya wa nini ule, Ndugu Mahlon?"

"Ule? Ule ni waya mzuri sana. Hauingizi maji."

"Naona. Na kazi yake?"

"Pai yako hii ina molasi nyingi, Dada Arlene. Ya mke wangu ilikuwa kavu kidogo."

"Marehemu alikuwa mpishi hodari. Erma anasema anasikia ndege."

"Mbayuwayu hawajafika. Mimi sijamwona hata mmoja."

Ikabidi nitulie kidogo. Watu wa kanisa letu hatuapi, hata mahakamani. Ndio iwe ndio, siyo iwe siyo. Mtoto hufunzwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo mtu wetu akiwa na jambo la kuficha hasemi uongo. Hulizunguka, kama paka anavyolizunguka beseni la maji. Nimeuza achari na bitiruti za siki sokoni mjini zaidi ya nusu ya umri wangu, na pale nilijifunza kusikiliza lile ambalo mtu halisemi. Muuzaji akikwambia mayai yake ni makubwa, muulize ni ya lini. Mahlon alikuwa amesema hawajafika, amesema hajawaona, amesema yuko kitandani. Hakuna siku aliyosema: sijasikia.

Nilirudi nyumbani nikatembea jikoni huku na huku. Kesho yake nikamrudia bila pai.

"Nina swali moja," nikamwambia mlangoni, "nalo jibu lake ni neno moja. Alfajiri kuna ndege anayeimba nyuma ya nyumba hii au hakuna?"

Alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi," nikasema. "Usinijibu. Ila ujue kwamba Ijumaa wanamjadili Erma. Rhoda anakuja. Kwa sababu mwanamke anasikia ndege ambao hakuna mwingine anayewasikia."

"Wanamjadili vipi?"

"Vipi tena. Kumpandisha."

Uso wake ulibadilika rangi. "Nilidhani analalamikia usingizi," akasema polepole. "Nilidhani ananitafutia lalamiko la kunipeleka kwa meneja."

"Kwa hiyo yupo ndege."

"Dada Arlene, nakuomba uniache leo."

Nikamwacha. Usiku ule nikalala na mashine zangu masikioni, zikinipigia filimbi kila nikigeuza shavu, nikisubiri alfajiri. Nilisikia friji. Nilisikia tumbo langu. Nilisikia lori la maziwa barabara kuu. Ndege sikusikia.

Asubuhi Erma alikuwa kwenye ngazi zangu kabla sijavaa soksi.

"Hawakuimba," akasema.

"Najua. Nililala na masikio."

"Ulilala na masikio?" Akanitazama kwa namna iliyonichoma. "Siku zote hizo hukulala nayo. Umelala nayo siku ambayo hawakuimba."

Kesho yake tena, kimya. Wanasema kimya kina mshindo. Hiki kilimvunja mwenzangu. Wakati ndege wakiimba, Erma alikuwa mkali, ana hakika, anagombana na kila mtu kijiani. Waliponyamaza alianza kuninong'oneza. Je, kama hawakuwapo? Je, sufuria ile, na ufunguo ule, vyote ni kamba moja? Aliniuliza kama jina la mumewe lilikuwa Clayton, si kwa kuwa amelisahau, bali ili asikie mtu mwingine akilitamka. Na mimi niliyemwona Mahlon akibadilika rangi, nilianza kujishuku mwenyewe. Labda alihuzunika tu. Labda waya ni waya. Nilimwona mara mbili akipita mbali, akijifanya anakagua mifereji ya paa, na kila nikimpungia mkono aligeukia ukuta. Nikamwona mwoga. Kisha nikamwona mwovu. Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa nimeshamweka kundi moja na wezi wa farasi.

Ijumaa ilianguka theluji ya vitunguu, ile nyepesi inayokuja baada ya watu kupanda vitunguu na kuyeyuka kabla ya chakula cha jioni. Gari la Rhoda liliingia likiwa na weupe juu ya paa. Nilichungulia kiti cha nyuma wakati nikimkumbatia: maboksi matupu, yaliyokunjwa, na utepe wa gundi juu yake. Mazungumzo gani hayo yanayokuja na maboksi?

Mimi, Rhoda na Janelle tulimkuta Erma jikoni akipika kama siku yoyote. Alikuwa amechimba mchunga pembeni mwa uzio, ambako hawapulizi dawa, majani machanga kabla ya maua, na alikuwa akikaanga vipande vya nyama ya nguruwe kwa ajili ya mchuzi wa moto wa siki na mayai. Viazi vilikuwa vinachemka. Hakuunguza chochote. Niliona Janelle akilitazama jiko, na nikaona Erma akimwona Janelle akilitazama.

"Mama," Rhoda akaanza, "hatujaja kukulazimisha."

"Maboksi yako yanasema hivyo pia?"

Rhoda akainamisha kichwa. Janelle akavuta kiti karibu. "Bibi Erma, wale ndege. Bado unawasikia?"

Hapo angeweza kusema hajawahi kuwasikia, alikuwa anatania, ni redio ya jirani. Watu wengi wangesema. Erma alizima jiko, akajifuta mikono.

"Niliwasikia," akasema. "Sasa wamenyamaza."

"Wamenyamaza lini?"

"Tangu Jumatano."

Janelle na Rhoda wakatazamana, na mtazamo huo ulikuwa na ngazi za kupanda kilima chote. Nikasema kwamba mimi nashuku kitu. Janelle akaniuliza kwa upole nashuku nini. Nikasema nashuku waya. Nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nilijua nimemsaidia Erma kama jiwe linavyomsaidia anayezama.

Ndipo mlango ukabishwa.

Mahlon alisimama nje, kofia mkononi, theluji ikimwangukia kwenye upara. Chini ya kwapa alikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate, na ule waya umezungushwa juu yake.

"Sitaingia," akasema. "Viatu vyangu vina tope. Dada Erma, uliniuliza kitu."

Erma alimgeukia.

"Jibu lake ni ndio."

Akabonyeza kisanduku. Kikakohoa, kisha kikaimba. Sijui niielezeje sauti ile: mluzi, kububujika kama maji chupani, na kitu kama meno ya kitana yakipigwa na ukucha. Jikoni kote kulijaa. Erma alifumba macho, kidole kimeinuka hewani kama zamani mbele ya benchi.

"Sasa anagugumiza," akasema. Kikagugumiza. "Sasa pumzi." Kikanyamaza. "Sasa mwanzo."

Kikaanza mwanzo.

Rhoda alifunika mdomo kwa mkono. Janelle aliangalia kisanduku, akamwangalia Erma, akaangalia tena kisanduku, na yale macho ya kupima kitambaa yakakosa pa kupima.

"Ni wimbo wao wa alfajiri," Mahlon akasema, akikizima. "Dume akishapata nyumba huupiga gizani, juu kabisa, ili wanaopita wajue kuna mahali. Wenye vibuyu tunaupiga kwa mashine. Hupigwa giza likiwapo bado, mchana hausaidii. Nimeanza mapema kuliko inavyopasa, lakini mtu wa rika langu atangoja mpaka lini?" Akaupanga upya waya juu ya kisanduku. "Niliposikia habari ya Ijumaa nikakizima. Nilidhani nikikizima, mambo yatakwisha."

"Yatakwisha," Erma akarudia.

"Ndivyo nilivyodhani."

"Ulinitazama usoni kijiani pale, ukaniambia kwa umri wetu mtu husikia mengi."

"Nilisema."

"Haukuwa uongo, eti?"

"Haukuwa uongo," Mahlon akasema. "Ulikuwa mbaya zaidi."

Janelle akakohoa kidogo. Sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imekwenda zake. Sasa alisema na Erma kama mtu mzima anavyosema na mtu mzima. "Bibi Erma, kuhusu lile lingine, naona sina la kuzungumza leo. Rhoda na mimi tutapigiana simu. Lakini kuna hili la Bwana Groff. Kanuni ya mlingoti ni ya meneja, si yangu. Kelele ikilalamikiwa, mlingoti unashuka. Isipolalamikiwa, mimi sijui habari yoyote. Na katika mstari huu mzima," akanitazama mimi na mashine zangu, "mwenye kuweza kuisikia ni wewe tu. Kwa hiyo nakuuliza. Unalalamika?"

Erma hakufanya haraka. Alimtazama Mahlon mlangoni, mzee mrefu na kisanduku chake, theluji ikiyeyuka na kumtiririkia shingoni wala asiifute. Nje, juu ya bega lake, vibuyu vilikuwa vinayumba, vyeupe ndani ya weupe, vitupu. Rhoda alianza kusema kitu na mamake akamnyamazisha kwa kidole kilekile. Mchuzi kwenye kikaango ulikuwa umeanza kuganda pembeni. Erma akauona. Akawasha jiko tena, akaukoroga, akaumwaga juu ya majani, na majani yakalala kwa mlio.

"Umekula, Ndugu Mahlon?" akauliza bila kugeuka.

"Bado, Dada Erma."

"Mchunga ukipoa haufai. Vua viatu uingie ule. Nina malalamiko, tena mengi, lakini siyasemi kwa mtu mwenye njaa aliyesimama mlangoni."